Projekta, TV au vishikwambi? Soma hii kabla shule haijatoa hela

Kipindi cha tano, Fizikia, kidato cha pili, watoto ndo wametoka chai na vichwa viko freshi. Usiku nimejiandaa vizuri, nina video ya mkondo wa umeme na nina simulesheni (jaribio la kuigiza kwenye kompyuta) moja kali sana. Naenda kuchukua projekta, funguo ya stoo iko kwa makamu, makamu yuko wilayani. Funguo ya akiba anayo mtaaluma, mtaaluma yuko kidato cha nne anafundisha. Projekta ikaja, waya wa HDMI wa kupeleka picha toka laptopu hamna, kumbe kuna mwalimu aliuazima wikiendi akaangalizie mpira kwake. Tukapata wa VGA, ule wa zamani, laptopu yangu haina tundu la VGA. Picha inatokea ukutani zimebaki dakika 14 kati ya 40, na ukuta wenyewe unapigwa jua, watoto wanasema mwalimu hatuoni kitu.

Toka siku ile mtu akiniuliza shule yetu inunue nini cha TEHAMA, siulizi kwanza hicho kitu kinafanya nini, nauliza kinachukua dakika ngapi mpaka kiwake na nani anashika funguo. Nimefundisha kwa projekta, kwa TV, kwa vishikwambi na kwa kompyuta za maabara zilizounganishwa na seva ndogo, yaani kompyuta moja inayozigawia nyingine masomo, isiyohitaji intaneti, sio kwamba mi mtaalamu, ila nishaumia vya kutosha nikaweza kulinganisha. Naongelea shule kama yetu, ya kata, mkondo una watoto 60 na kitu, umeme wa TANESCO upo ila unaenda na kurudi, intaneti ni bando la mwalimu mwenyewe.

Tuanze na projekta na TV maana ndo ugomvi mkubwa kwenye vikao vya stafu.

Bei sizitaji, Kariakoo kila wiki wana bei yao, ila ujue projekta ya maana na TV ya inchi 55 zinakaribiana sana, kwa hiyo usichague kwa bei, chagua kwa darasa lako. Projekta inakupa picha kubwa, hapo haina mpinzani. Kuna hesabu moja rahisi naitumia, mtoto wa mwisho kabisa asikae mbali zaidi ya mara 8 ya kimo cha picha, akizidi hapo maandishi anayasikia tu kwa mwenzake. TV ya inchi 55 kioo chake kina kimo cha sentimita 68 hivi, zidisha mara 8 unapata kama mita 5 na nusu. Chukua futi kamba pima darasa lako toka ubaoni hadi dawati la mwisho, letu ni mita 8 kasoro kidogo. Maana yake safu mbili za nyuma hawasomi. Sasa ile TV ya inchi 43 ambayo wadau wengi hupenda kuchangia shule ndo kabisa, hiyo kimo chake ni sentimita 53 tu, ni ya ofisini. Projekta ukiitanua picha ikawa na upana wa mita 2 na nusu, kimo kinakua mita 1.4, hapo hata aliyekaa mlangoni anakimbia kimbia jua anaona.

Lakini sasa jua. Madarasa yetu yamejengwa yapate mwanga, madirisha pande zote mbili, pazia hamna, na mchana saa sita ukutani kuna mwanga kuliko wa projekta. Kama unanunua, angalia lumeni, ndo kipimo cha mwanga wake, zile zinazoandikwa ANSI maana zimepimwa kwa kiwango maalumu, zianzie 3,000 kwenda juu, na darasa lenye mwanga mkali ongeza. Zile projekta ndogo ndogo za kubebeka kama tofali zinazouzwa mtandaoni zimeandikwa lumeni 9,000, usiziamini, ukitafuta neno ANSI kwenye boksi hulioni, na ukiziwasha darasani mchana ni kama umewasha tochi juani. Ni nzuri kwa kuangalia muvi chumbani usiku, darasani hapana. Sisi tulijaribu kuziba madirisha kwa maboksi ya karatasi, ikawa giza sawa, na joto la mwezi wa kumi na moja watoto 64 ndani, nusu wakasinzia, picha safi hamna anayeiangalia.

TV haina shida hiyo sana, inaonekana mchana, ila kioo chake kinaakisi dirisha, kwa hiyo usiiweke inayotazamana na dirisha, iweke pembeni kidogo uizungushe. Na TV ina kitu kimoja ambacho kwangu ndo kilimaliza mjadala, unachomeka flashi pembeni, rimoti, video inacheza. Hamna laptopu, hamna waya, hamna kungoja Windows ijisasishe mbele ya darasa. Tuliipima siku moja kwa saa kabisa, TV toka kufungua kabati mpaka video inaanza dakika 2, projekta pamoja na kupanga meza, kuitafutia vitabu vya kuinulia, kunyoosha picha, dakika 9 na hapo waya upo.

Umeme ukikatika je? Hapa ndo watu hawapigi hesabu. Projekta ya taa ya balbu inakula wati 300 hivi, TV ya inchi 55 kama 120, laptopu 50. Sasa una betri ya sola ya 12V yenye Ah 100, zidisha 12 kwa 100, hiyo ni wati-saa 1,200, ila betri za asidi usizikamue zaidi ya nusu zitakufa mapema, zinabaki 600. Projekta na laptopu zinakwenda saa moja na nusu hivi umeshamaliza, TV na laptopu unakwenda saa tatu, TV na flashi peke yake unazidi hapo. Halafu projekta ya balbu haipendi kukatikiwa umeme ghafla, feni yake inasimama taa ikiwa bado ya moto, ikitokea mara nyingi balbu inakufa kabla ya siku zake, na balbu mpya uagize, ifike mwisho wa muhula. Kama lazima projekta basi tafuta ya LED au leza, taa yake inafika masaa 20,000 na kuendelea, ila hapo hela inaongezeka.

Kwa hiyo mi niko upande wa TV ya inchi 55 au 65, kwenye meza yenye magurudumu na kabati la nondo, na watoto wa nyuma unawasogeza mbele wanakaa hata chini dakika kumi. Projekta naipa ukumbi, mikutano ya wazazi, na shule yenye chumba kimoja maalumu ambacho imefungwa juu darini kabisa na waya wake haushuki. Ikishafungwa darini dakika 9 zinakua dakika 1 na maneno yangu yote ya juu yanabadilika, hilo nakiri.

Sasa vishikwambi. Hapa watu wana hisia kali. Baada ya Sensa ya 2022 serikali ilivigawa vile vishikwambi vya makarani kwa walimu, kwa hiyo kwenye shule nyingi vipo, tatizo sio kununua tena ni kwamba kimoja kiko kabatini, kingine mtoto wa mwalimu anachezea gemu, na kingine kioo kimepasuka na mwalimu anaogopa kusema. Kishikwambi cha mwalimu ni kitu kizuri kuliko tunavyokichukulia. Vitabu vya kiada viko kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania unasoma bure, andalio la somo unaandikia humo, na kamera yake ukiiunganisha na TV inakua kitu kingine kabisa, nitarudi hapo.

Vishikwambi vya wanafunzi ni habari tofauti. Kenya walikwenda njia hiyo kwa nguvu, kampeni ya 2013 iliahidi laptopu kwa darasa la kwanza, ikaja kubadilika ikawa vishikwambi, vikaanza kugawiwa 2016, pamoja na laptopu za walimu, projekta na ruta kwa kila shule ya msingi ya serikali. Ukiongea na walimu wa kule wengi watakwambia ugumu ulianzia kwenye kuchaji na kutunza, na mwalimu aliyepewa darasa la watoto 70 awagawie vifaa na avikusanye ndani ya kipindi hicho hicho. Hesabu mwenyewe, dakika 6 kugawa, 6 kukusanya na kuhesabu, hapo hamna aliyesahau namba ya siri.

Kuna mtu ataniletea ya Tanga, nayo ni kweli. Yale mashindano ya kutengeneza programu za kujifunzia, Global Learning XPRIZE, yalijaribiwa vijijini huko, vijiji 170 hivi, watoto wengi wao hawajawahi kwenda shule kabisa, wakapewa vishikwambi vyenye programu za kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, vituo vya kuchajia ni vya sola, na 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, zikagawana zawadi ya dola milioni 10. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mi hiyo naichukulia serious, lakini angalia ni nini kilichopimwa. Ni mtoto mmoja na kishikwambi chake, nyumbani, muda wowote anaotaka, anarudia sauti "ba be bi" mara arobaini na hamna anayemcheka. Sio watoto 64 na vishikwambi 10 na kengele inalia. Kwa hiyo darasa la kwanza na la pili, kusoma na kuhesabu, kama mnavyo vya kutosha na kuna mtu wa kuchaji, chukueni vishikwambi hata kabla ya TV. Sekondari yenye vishikwambi kumi, hapana, mtaishia kufanya vikundi vya watu sita sita ambapo mmoja anabonyeza na watano wanaangalia dari.

Seva ndogo naipitia haraka ila isidharauliwe. Kuna programu ya bure inaitwa Kolibri, unapakua masomo ukiwa sehemu yenye intaneti, unayaweka kwenye kompyuta moja au kwenye Raspberry Pi, kile kikompyuta cha saizi ya pakiti ya sigara, halafu kompyuta nyingine zinaingia kupitia wai-fai ya humo humo ndani bila bando hata la mia. Kinakula chini ya wati 15. Kwa shule ambayo ina maabara ya kompyuta ishirini za msaada zinazotumika kufundishia kufungua na kufunga Microsoft Word tu, hii ndo ilipaswa kua ya kwanza kabisa. Ubaya wake, kile kikadi cha memori kinaharibika umeme ukikatwa katwa, kwa hiyo tengeneza kadi ya pili yenye kila kitu uifunge kwenye bahasha uiweke kwenye droo, siku ya kwanza ikifa unabadilisha unaendelea. Na ukitaka darasa zima liingie kwa pamoja ongeza ruta, wai-fai ya Pi yenyewe inaelemewa.

Ile simulesheni niliyosema mwanzo ni ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ni bure, unaipakua inafanya kazi bila intaneti. Wiki iliyofuata niliirudia kwenye TV. Unaburuta betri, waya, balbu, unaunga, balbu inawaka na vidoti vya bluu vinatembea ndani ya waya. Nikamwita binti mmoja wa dawati la nyuma aje aunge, akaunga waya toka upande mmoja wa betri moja kwa moja mpaka upande wa pili bila balbu, betri ikawaka moto kwenye kioo, darasa zima "eeeh!" Mmoja akauliza, mwalimu mbona imeungua na hamna kitu imewasha? Swali hilo nimelifundisha miaka sita kwa chaki hamna aliyewahi kuniuliza. Kwenye maabara yetu betri ni nne kwa kidato kizima, hakuna ambaye ningemruhusu azichome makusudi.

Lakini yote hayo ni vyuma tu, na mi naona hela nyingi ya shule inapotea kwa sababu tunalinganisha vyuma na hatulinganishi mafunzo. Hapa pia kuna aina tatu.

Semina ya hotelini. Siku mbili, mwezeshaji ana slaidi 90, chai ina sambusa, posho inatoka jioni. Mi siikatai, nani anakataa posho. Ila unajifunza kwa kompyuta ya mwezeshaji, programu ya mwezeshaji, wai-fai ya hoteli, ukirudi shuleni hamna hata kimoja kati ya hivyo. Nimeshaenda moja tulifundishwa Kahoot, mchezo wa maswali wa mtandaoni, kila mtu na simu yake, tukacheka tukashindana, nikarudi shuleni ambako mwanafunzi akikutwa na simu anaitiwa mzazi. Cheti ninacho ukutani.

Kozi za mtandaoni unazosoma mwenyewe. Mfumo wa mafunzo wa Taasisi ya Elimu uko mtandaoni na moduli za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) ziko humo, zuri lake unasoma saa nne usiku watoto wamelala. Baya lake ni hilo hilo, uko peke yako, ukikwama kwenye kitu kidogo tu kama nywila unaacha miezi miwili, na bando ni lako. Kwa mwalimu kijana anayejua kutafuta tafuta hii inamtosha.

Ya tatu ni ya pale pale shuleni, walimu wanne watano, saa moja kwa wiki, kwa kifaa kile kile mlichonacho kabatini. Kama shule yenu ina JzK, zile jumuiya za kujifunza za MEWAKA, kikao kipo tayari, kitumieni. Sisi tuliifanya Jumanne baada ya vipindi. Kuna mama mmoja wa Kiswahili, amebakiza miaka mitatu astaafu, wiki ya kwanza alikaa nyuma anasahihisha madaftari. Wiki ya pili nikamfata.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, najua unataka nini, mimi hayo mambo yenu siyawezi."
"Mama hamna la kuweza, ni kupiga picha tu. Chukua daftari moja la insha hapo, lipige."

Akapiga. Nikanyoosha mkono nichukue kishikwambi nimuunganishie na TV, akakivuta kifuani. "Wewe usinishikie. Niambie nibonyeze wapi, nibonyeze mwenyewe." Ilichukua dakika kama 12, mara mbili alitoka nje ya programu, mara moja akazima kabisa, mi mikono nimeiweka mfukoni. Insha ya mtoto ikatokea kwenye TV kubwa, na akaanza kusahihisha hapo hapo kwa sauti kana kwamba sisi ndo darasa, "hapa alama ya mshangao ya nini, nani kashangaa?" Kesho yake akaingia kidato cha tatu na TV. Sasa hivi kuipata TV Alhamisi ni mpaka umuombe mama. Hajui PowerPoint mpaka leo, na wala haihitaji, kapiga picha daftari anaonyesha, watoto wanaona kosa la mwenzao bila jina lake na wanalirekebisha wao.

Na hiyo kuunganisha haitumii bando, kishikwambi na TV vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe, hilo walimu wengi wanadhani wataliwa MB wanaogopa kujaribu.

Kwa hiyo ukiniuliza unapanga vipi, msingi madarasa ya chini vishikwambi vikiwepo vya kutosha, vinginevyo TV. Sekondari ya kata TV kwanza, seva ya Kolibri ya pili kama kompyuta zipo, projekta ya mwisho au ya darini. Shule haina hela kabisa, simu ya mwalimu na spika ndogo ya kuchaji kwa ajili ya kusikiliza, hasa Kiingereza, inatosha kuanzia na hamna aibu. Haina umeme kabisa, anza na sola ndogo halafu TV ndogo ya 12V mgawane watoto kwa makundi, maana inveta, kile cha kugeuza umeme wa betri uwashe TV ya kawaida, nayo inakula. Na kwenye bajeti yoyote kata fungu la Jumanne, hata kama ni la chai na maandazi tu ya wale watano wanaobaki, msije mkasema mafunzo tutaomba mfadhili, mfadhili atawapeleka hotelini.

Vitu vya kuuliza dukani kabla hujalipa ni vichache. TV iwashwe mbele yako na flashi yako mwenyewe yenye video zako, kuna zingine zinachagua aina ya faili. Iwe na matundu ya HDMI mawili, moja likilegea kuna la pili. Rimoti mbili, au uhakikishe ina vitufe pembeni. Kidhibiti umeme ununue siku hiyo hiyo sio mwezi ujao. Na waya wa HDMI nunua miwili, mmoja fundi aufunge kwa vishikizo vya plastiki nyuma ya TV kabisa ambapo hata mwenye mechi ya fainali atahitaji koleo kuutoa.